Kichaka cha Korongo la Punda

Jumatano ile, saa mbili asubuhi, Profesa Kimball Ostler alifungua kalamu yake nyekundu ili amfute Mwalimu Hester Bronson kitabuni. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekufa miaka thelathini nyuma, hivyo hakuwa na la kujitetea. Nilikuwapo mimi peke yangu, Ardeth Kartchner, mtunza mimea mikavu wa chuo chetu, nimesimama upande wa pili wa meza na roho iko juu.

Chumba chetu kiko nyuma ya maktaba. Hakina dirisha. Kina makabati kumi na manane ya chuma, na ndani mwake imo mimea ya nchi hii ya makorongo, iliyobanwa, ikakaushwa, ikashonwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: nani aliuchuma, lini, wapi. Wageni wakiingia hunong'ona kama wamo makaburini. Mimi huongea kwa sauti ya kawaida, na siku nyingine naimba.

Karatasi iliyokuwa mezani ilikuwa namba 1187. Juu yake kitawi kimoja chenye gome linalobanduka kama ganda la kitunguu, majani madogo kama masikio ya panya, na maua manne yaliyoinama kama kengele. Zamani maua hayo yalikuwa ya manjano. Sasa yamekuwa rangi ya chai. Pembeni, kwa mwandiko wa mwalimu wa shule, ulionyooka kama uzio mpya, iliandikwa hivi:

"Kichaka, kimo cha kiuno. Maua ya manjano. Ukingoni mwa mwamba, upande usiopigwa jua, Korongo la Punda, mwendo wa saa tatu kwa farasi kutoka Kisima cha Harmon. 9 Mei 1934. H. Bronson."

Basi. Tangu siku hiyo hakuna mtaalamu aliyekiona tena kichaka hicho mahali popote duniani. Walikitafuta mwaka 1951, wakakitafuta 1967, wakakitafuta 1978, na kila aliyerudi mikono mitupu alibandika kikaratasi chake chini ya lebo: Hakikuonekana. Hakikuonekana. Hakikuonekana. Kikaratasi cha nne kilikuwa cha 1996: "Mahali pana mashaka. Yaelekea lebo ilichanganywa. K. Ostler." Hicho cha nne kilinichoma kama mwiba wa mpungate kila nilipofungua kabati.

Mwalimu Hester alinifundisha darasa la tatu. Siku moja niliandika katika insha kwamba nimeona kulungu saba kwenye bonde la nyuma ya kwetu. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinitazama tu, akaendelea kunitazama, mpaka nikasema walikuwa watatu. Akanipa kifutio, nikafuta saba kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu kama huyo hawezi kuchanganya lebo.

"Ardeth, kitabu kinakwenda kiwandani Ijumaa," Profesa alisema. Alikuwa amekuja kutoka mjini kukagua rekodi zetu za mwisho kabla kitabu chake cha mimea ya makorongo yote ya kusini hakijachapwa. Miaka ishirini na mbili ya kazi. "Saa kumi na moja jioni kimefungwa. Siwezi kuingiza mmea ambao haupo."

"Upo mkononi mwako, Profesa."

"Tawi lipo. Mahali ndipo hapapo. Nimelitembea Korongo la Punda lote, kichwa mpaka mkia, mara mbili. Kuna miti ya mireteni, kuna miiba, kuna ng'ombe wa shemeji yako. Basi."

"Na zile saa tatu? Kutoka Kisima cha Harmon mpaka Korongo la Punda ni saa moja kwa farasi. Hata ukienda unachuma maua njia nzima hazifiki tatu."

"Farasi wa mwalimu alikuwa mvivu."

"Mwalimu Hester angemfukuza shule farasi mvivu!"

Juu yetu mtu alicheka. Alikuwa Wilson Etsitty, fundi wa chuo, Mnavajo, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii, wa makamo, mpole, ambaye tangu asubuhi alikuwa juu ya ngazi akihangaika na taa iliyokuwa ikipepesa. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

"Samahani kuwaingilia wakubwa," alisema. "Hivi mnasema Korongo la Punda lipi?"

"Lipi tena?" Profesa hakuinua kichwa. "Liko moja."

"Kwenye ramani liko moja, sawa. Lakini kwa mama mdogo siyo hilo."

Profesa aliinua kichwa. Mimi nilikuwa nimeshashika mguu wa ngazi kama anayetaka kuitingisha.

"Wilson, shuka. Shuka sasa hivi. Mama mdogo gani?"

"Mdogo wake mama yangu. Bibi Desbah Whitehorse. Amechunga kondoo kule chini tangu yuko mtoto. Mnachoita ninyi Korongo la Mjane, yeye anasema hilo ndilo la Punda. Tunamcheka siku zote. Tunasema bibi kachanganya."

Nilikimbilia ukutani kwenye ramani. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi chumba kile, na sikuwahi hata siku moja kuweka kidole kwenye Korongo la Mjane. Kutoka Kisima cha Harmon, kwa kufuata njia ya zamani ya mifugo, nilipima maili kumi na mbili. Saa tatu kwa farasi. Saa tatu kamili! Sikurudisha hata rula kwenye msumari wake.

"Tunakwenda," nikasema.

"Nina rekodi mia mbili za kukagua," Profesa akasema.

"Basi baki nazo."

Sheria ya chumba ni kwamba karatasi yenyewe haitoki nje, kwa hiyo nilitoa nakala ya rangi, nikabeba kibanio cha kukaushia mimea na chupa tatu za maji, nikatoka mbio. Tulipofika kwenye pikapu ya Wilson tulimkuta Profesa ameshakaa kiti cha mbele, kofia kichwani, darubini shingoni, anatazama mbele kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha.

Bibi Desbah anakaa mwisho wa lami, kisha maili tisa za mchanga. Tulimkuta barazani chini ya kivuli cha matawi, mbele ya kitanda chake cha kufumia. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini na mbili, mwembamba, sketi ndefu ya mahameli, soksi nyeupe na raba za kijana. Hakusimamisha kazi. Alimsalimu Wilson kwa Kinavajo, akamtazama Profesa kuanzia kofia mpaka viatu, akatuonyesha mahali pa kukaa kwa kidevu.

"Kahawa?" aliniuliza.

"Ahsante mama, mimi situmii. Kanisani kwetu..."

"Najua kanisani kwenu. Ndiyo maana mnapotea ovyo ovyo humu makorongoni. Mtu hajanywa kahawa, macho yatafunguka saa ngapi?"

Profesa, ambaye ni wa kanisa hilohilo, alipokea kikombe chake bila kunitazama.

Nilimtandazia nakala magotini. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nimepanga maneno njia nzima, lakini hakunipa nafasi. Aliitazama mara moja tu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hiki? Wilson ananiambia mnakitafuta hiki? Kimepotea?"

"Ndiyo mama. Miaka themanini na nne sasa."

"Nani kakipoteza?"

Nikababaika. "Sisi."

"Basi ni ninyi mliopotea. Chenyewe kiko palepale." Aligonga zulia lililokuwa kwenye kitanda cha kufumia, kwenye mstari mpana wa manjano, manjano ya kung'aa kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. "Hii ni nini? Maua yake. Unachuma asubuhi, unachemsha na sufu. Hata ikae juani miaka mitano, rangi haitoki."

Profesa alijikohoza. "Kwa heshima zote, mama. Manjano hiyo mara nyingi inatokana na kile kichaka cha miiba, barberi. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na... watu kadhaa."

"Watu hao walishafuma zulia?"

Wilson aligeuka upande kukohoa, na kikohozi chake kilichukua muda mrefu. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu Profesa alikuwa na hoja. Barberi nayo huchanua manjano mwezi wa Mei, na watu wengi hutilia sufu rangi kwa mizizi yake. Kama bibi alikuwa anasema barberi, tumekwisha.

"Mama," nikasema, "na jina je? Kwa nini unasema Korongo la Mjane ndilo la Punda?"

Hapo aliweka sindano yake ya kufumia chini.

"Kwa sababu nilikuwapo walipoharibu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Walikuja wapima ardhi watatu na farasi, wanachora ramani. Wakamwuliza baba yangu: Korongo la Punda lipi, la Mjane lipi? Baba hajui lugha yao. Mimi nilikuwa nimesoma shule mwaka mmoja, basi mimi ndiye mkalimani. Nikamwuliza baba. Baba alikuwa amemshika beberu kwa kamba, mkono wake umenyooka hivi, beberu anavuta kuelekea huku. Baba akawaonyesha kwa mdomo, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoonyesha." Alibinua midomo kuelekea kusini. "La Punda, lile kule. Sasa yule mzungu hatazami mdomo. Anatazama mkono! Mkono uko kwenye beberu, na beberu anaelekea kaskazini. Akaandika. Nikamwambia, bwana, siyo huko. Akaniambia, ahsante sana binti, akanipa peremende."

Kondoo mmoja alilia zizini.

"Na ile peremende nilikula," bibi akamalizia. "Hilo ndilo kosa langu mimi."

Nilimtazama Profesa. Alikuwa amesahau kikombe hewani. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama mtu anayejumlisha hesabu kichwani: 1934, kabla ya ramani. 1951... "Wale wa 1951," alisema taratibu, "walikwenda na ramani mpya. Sisi sote tulikwenda na ramani."

"Wilson, washa gari," bibi akasema, akivaa kofia yake. "Mnakaa tu. Maua hayo yanakaa siku kumi, yanadondoka. Mnangoja mpaka mwakani?"

"Mama mdogo, wewe utabaki. Njia mbaya."

"Nani kakwambia nashuka? Mimi nakaa juu naelekeza. Ninyi ndio mtashuka."

Njia ilituchukua saa nzima na nusu, mchanga ukituvuta magurudumu, Profesa akirushwa hadi darini kila shimo. Kisha nchi ikakatika. Ndivyo yalivyo makorongo yetu: unakwenda uwandani, mireteni kulia na kushoto, na ghafla hakuna kitu mbele ya gari ila hewa na tai. Wilson alivuta breki. Bibi Desbah alishuka, akateremsha kiti chake cha kukunja, akakiweka hatua mbili kutoka ukingoni, akamnyang'anya Profesa darubini yake shingoni kana kwamba ni ya kwake.

"Njia ya kondoo ile pale. Mnapita chini ya jabali jeusi, mnazunguka pua ya mwamba, mnafika kwenye kivuli. Haya."

Tukashuka. Wilson mbele na kamba begani, mimi wa pili, Profesa nyuma na goti lake bovu. Nina miaka hamsini na tisa, na kwa kawaida kazi yangu ni ya kukaa, lakini siku ile miguu ilikuwa inanitangulia. Mwamba mwekundu ulikuwa moto kama chungu. Tulipita jabali jeusi, na hapo, hatua thelathini mbele, nikaona manjano.

"Kile!" nikapiga kelele. "Kile pale! Wilson, tazama!"

Nilikimbia. Nilijikwaa, nikainuka, nikafika, nikakishika, na miiba mitano ikaniingia kiganjani.

Profesa alifika akihema. Hakuhitaji hata kutoa kioo chake cha kukuzia.

"Barberi," alisema. Na alivyolisema hilo neno ndipo nikajua kwamba alikuwa na hamu kuliko mimi. Hakufurahi hata chembe kuwa amesema kweli. Alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, akapangusa upara. "Pole, Ardeth. Pole kweli."

Machozi yalinilenga. Nilikuwa nanyonya damu kiganjani kama mtoto. Ndipo sauti ikashuka kutoka juu, nyembamba na kali, ikagonga ukuta wa pili wa korongo, ikarudi:

"Ninyi! Mnafanya nini hapo? Hiyo ni miiba! Hata mbuzi anaijua hiyo! Mbele! Mbele, wewe mwenye upara! Amka!"

Profesa aliamka.

Tulizunguka pua ya mwamba, na njia ikaisha. Palikuwa pameporomoka, pengine miaka michache tu iliyopita. Pengo lilikuwa kama mita moja na nusu, si kubwa, ungeliruka barabarani bila kufikiri. Lakini chini yake palikuwa na kimo cha watu wanane, na mawe. Wilson alifunga kamba kwenye mreteni mzee, akajaribu uzito, akavuka kama anavuka mfereji. Kisha akatoweka nyuma ya mwamba.

Tukangoja. Sikusikia kitu.

"Wilson?"

Nilishika kamba kwa mikono miwili.

"Wilson! Kuna nini huko?"

"Da Ardeth," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya ajabu, laini sana. "Njoo tu. Njoo uone mwenyewe."

Sikumbuki nilivukaje lile pengo. Wilson anasema nilifumba macho, nami nasema sikufumba. Nakumbuka harufu, kwanza kabisa harufu, kama tangawizi mbichi iliyopondwa na asali. Halafu nikazunguka kona na kuingia kwenye kivuli.

Ukingo ule wote ulikuwa wa manjano. Vichaka vilikaa mstari kwenye ufa ambamo mwamba unatoa jasho la maji, kimoja baada ya kingine, vyote kimo cha kiuno, gome likining'inia kama karatasi, na kila kitawi kimeinamisha kengele zake, mamia, maelfu, zinatikisika kwa upepo wa korongo na nyuki wamejaa ndani. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nimeangalia maua manne ya rangi ya chai. Nilifungua mdomo ili niseme kitu cha maana, na kilichotoka ni ukelele. Nilipiga ukelele mmoja mrefu, wa juu kabisa, hadi kunguru wakaruka.

"Vipi? Vipi huko?" Profesa alikuwa anaita upande wa pili. "Ardeth! Ni nini? Niambie rangi ya chini ya jani!"

"Fedha!"

"Petali ngapi?"

"Tano! Profesa, ziko tano!"

"Nakuja!"

"Goti lako!" Wilson akaita.

"Goti langu litajijua lenyewe!"

Akavuka. Alivuka kwa kukaa, kwa kutambaa, kwa kuning'inia kwenye kamba huku Wilson akimvuta kwa ukosi wa shati, mtu wa miaka sitini na saba mwenye shahada tatu, suruali imechanika nyuma. Alipiga magoti mbele ya kichaka cha kwanza. Alitoa kioo chake, akakisogeza jichoni, na nilisikia akihesabu vijiuzi vya chavua ndani ya ua kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Alihesabu tena ua la pili. La tatu. Kisha akaweka kioo chini kwenye mchanga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ardeth. Ile 1996 niliandika nini?"

"Mashaka."

"Niliandika mashaka," alisema. "Mama wa watu alikuja huku kwa farasi, peke yake, na sketi, akaandika kila kitu sawasawa. Na mimi nikaandika mashaka."

Nilimpa chupa ya maji.

Tulihesabu vyote. Sitini na kimoja vikubwa, na chini yake, kwenye unyevu, miche midogo zaidi ya mia, mingine mirefu kama kidole. Wilson ndiye aliyeona jambo jingine: kwenye vichaka vikubwa, matawi mengi ya zamani yalikuwa na makovu ya kisu, mengine yamepona kabisa, na mahali palipokatwa pamechipua matawi mapya matatu, manne, yote na maua.

"Hii ni mikono ya bibi zangu," alisema. "Wanakata ili kichanue zaidi. Mimi mtoto nilikuwa nangoja juu na kondoo, nikidhani wamekwenda kupiga soga."

Profesa aliandika maneno hayo kama yalivyo kwenye daftari lake. Kisha akatoa mkasi, na hapohapo, kutoka juu:

"Tawi moja! Nawaona! Moja tu! Na mshukuruni kabla ya kukata, siyo baada!"

Profesa Kimball Ostler alisimama wima mbele ya kichaka. Akaweka kofia kifuani. "Ahsante," akakiambia. Akafikiri kidogo. "Na samahani." Kisha akakata, nikalipokea tawi kwa mikono miwili, nikalilaza katikati ya karatasi, nikafunga mikanda ya kibanio nikihakikisha kila ua limetazama upande wake.

Tulipofika juu Bibi Desbah alikuwa amemaliza maji yake na yetu. Profesa alikaa chini mchangani karibu na kiti chake ili aandike lebo, maana lebo huandikwa siku hiyohiyo.

"Mchumaji," akasoma. "Niandike Kartchner?"

"Andika Desbah Whitehorse," nikasema. "Sisi tuweke nyuma yake."

"Andika vizuri," bibi akasema. "Desbah inaishia na h, wengi wanaisahau. Na mahali uandike Korongo la Punda."

"Nitaandika hivyo, na chini yake nitaeleza kosa la ramani. Sasa hapa natakiwa kuweka vipimo kamili vya..."

"Vya nini?"

"Vya mahali. Ili mtu mwingine aweze kupafika."

"Mtu mwingine nani?"

Profesa alishusha kalamu.

"Kuna watu wanakuja na ndoo na majembe," bibi alisema, na sasa hakuwa anatania. "Walimaliza mipungate midogo ya kule kwa dada yangu, wakaiuza mjini. Wewe ukiandika vipimo, mwakani naja na kisu changu nakuta mashimo. Ulikuwa unatafuta kujua kama kipo. Umejua. Unataka nini tena?"

Nilimwona Profesa akipigana na nafsi yake. Maisha yake yote alikuwa amewagombeza watu kwa lebo zisizo na vipimo. Lakini hata sheria yetu inaruhusu kuficha mahali pa mmea ulio hatarini, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika.

"Vipimo vitakaa kwenye kabati la Ardeth, chini ya ufunguo," alisema mwishowe. "Atakayevitaka atakuja kukuomba wewe kwanza."

"Na alete sukari," bibi akasema. "Na kahawa."

Simu haishiki mpaka kilima cha mnara, nusu ya njia ya kurudi. Wilson alisimamisha gari pale bila kuambiwa. Profesa alishuka, akasimama kwenye upepo na ile suruali yake iliyochanika, akapiga kwa mhariri wa kitabu. Alikuwa anapaza sauti, kwa hiyo sote tulisikia upande wake.

"Ukurasa mmoja. Ndiyo, mpya... Najua kurasa zimefungwa... Najua ni kurasa mia sita na arobaini kamili, mimi ndiye niliyezihesabu... Basi toa kitu. Toa dibaji... Dibaji ya nani? Yangu! Mimi si ndiye mwenye kitabu? Itoe yote... Hapana, sihitaji kufikiri. Miaka ishirini na mbili nimefikiri!"

Alirudi garini, akafunga mlango, tukaenda maili nzima yeye akicheka peke yake.

Kwa Bibi Desbah tulikula mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, mikono ikichuruzika mafuta, na sote tukiongea kwa pamoja. Wilson alikuwa anaapa kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kukiona, bibi anamwambia yeye alikiona kabla Wilson hajazaliwa, Profesa anaomba bakuli la pili na kuuliza sufu huchemshwa muda gani, anaandika, anauliza tena. Mimi sikuweza kutulia kwenye kiti. Kila baada ya muda nilisingizia maji, au shali, nikatoka kwenda kwenye pikapu kuhakikisha mikanda ya kibanio haijalegea. Nilitoka mara nne. Mara ya nne nilimkuta Profesa ametangulia. Alikuwa amekaa kwenye bodi ya gari, miguu inaning'inia, kibanio amekipakata magotini kwa mikono yote miwili, na aliponiona akasogea kando kunipa nafasi.